Kicheko cha Wengi na Aibu ya Mmoja

Je, umoja unaopatikana kwa kumcheka mtu mmoja ni umoja wa kweli? Swali hili tulikutana nalo mahali tusipopatazamia, yaani katika jumba la sinema, usiku wa manane, tulipokuwa wanafunzi ugenini nchini Marekani.

Sinema yenyewe ni The Rocky Horror Picture Show. Ilitolewa mwaka 1975, nayo ilitokana na mchezo wa nyimbo ulioandikwa na Richard O'Brien na kuonyeshwa kwanza London mwaka 1973. Hapo mwanzo watazamaji hawakuijali. Lakini mwaka 1976 jumba la Waverly, jijini New York, lilianza kuionyesha saa sita ya usiku, na watu wale wale wakawa wanarudi wiki baada ya wiki, hata wakayahifadhi maneno yake moyoni na kuanza kuwajibu wahusika kwa sauti. Arusi ikionyeshwa, watazamaji hurusha mchele. Mwanamke akijikinga mvua kwa gazeti, nao hujifunika magazeti. Desturi hiyo ilienea katika miji mingi, na mpaka leo ingali hai.

Sisi tuliolelewa penye hadithi na ngoma hatukuona ajabu. Kwetu msimulizi husema "Paukwa", na wasikilizaji huitika "Pakawa". Asipoitikiwa, hadithi haianzi. Tuliona kwamba watu wale, waliozoea kukaa kimya gizani kila mmoja na lake, walikuwa wamejitafutia kiitikio. Jambo hilo lilitufurahisha.

Lakini desturi ile ina mlango wake. Mara nyingi, kabla sinema haijaanza, wanaokuja kwa mara ya kwanza huitwa mbele, wakapewa jina la dhihaka na kufanyiwa mzaha. Usiku ule tulikuwa watano, na wanne tulikuwa tumekwisha kuiona. Mwenzetu wa tano tulimficha habari hiyo makusudi ili tupate kucheka zaidi. Kisha wakati ulipofika tukamnyoshea kidole. Alikwenda mbele, akatazama chini, akafanya aliyoamriwa, na ukumbi mzima ukavuma kwa kicheko. Aliporudi kuketi hakusema neno. Mchele tuliokuwa tumempa arushe aliurudisha nyumbani mfukoni.

Huenda mtu akatutetea kwa kusema kwamba kila jamii humjaribu mgeni wake, na kwamba hata mwari wa jandoni huonja ukali. Ni kweli, lakini mwari ana kungwi anayemwongoza, na ukali ule una mafunzo ndani yake. Mwingine atasema kwamba ule ulikuwa utani tu. La hasha. Utani una pande mbili: mtani anayetaniwa leo ana haki ya kumrudishia yule yule aliyemtania. Mwenzetu hakuwa na haki hiyo. Haki pekee aliyopewa ni kurudi wiki ya pili akamcheke mgeni mwingine asiyemkosea lolote. Hiyo si haki. Ni deni la aibu linalohamishiwa kwa mtu asiyelikopa.

Wala hatuwezi kuwalaumu wale waliojaa ukumbini. Wao hawakumjua. Sisi ndio tuliomjua, na sisi ndio tuliopasa kuwa makungwi wake: kumweleza yanayomngoja, kumwachia hiari ya kukataa, na kusimama pamoja naye endapo angekubali. Tuliyaacha hayo yote kwa tamaa ya kuonekana wenyeji mahali ambapo sisi wenyewe tulikuwa wageni.

Katika shule zetu za bweni, kila mwaka huingia wanafunzi wapya, na wakubwa wao hukumbuka walivyochekwa. Kumbukumbu hiyo yaweza kuwa kisingizio cha kuwacheka wengine, au yaweza kuwa sababu ya kuwapokea vyema. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anayemfedhehesha mgeni wake, atapona kwa lipi?