Picha Haina Kutu

Picha moja ni shilingi 2,500. Ukitaka gari lionekane mbele na nyuma, 4,000. Mteja ananitumia picha ya gari lake la zamani, ananieleza anachotaka, mimi nakesha na laptopu, na asubuhi namrudishia gari ambalo halipo. Datsun yenye madigadi mapana kama mabega ya baunsa. Land Rover iliyokatwa paa. Beetle iliyolalia tumbo. Hii ndiyo kazi inayonilipia nyumba. Kuandika kunanilipia bando.

Nyumbani wanasema nachora magari, na nimeacha kuwarekebisha. Kusema kweli sichori, nakata. Natenga magurudumu na bodi, kila kimoja kwenye tabaka lake, nashusha bodi mpaka matairi yapotelee ndani, navuta madigadi nje, halafu hapo ndipo kazi yenyewe inaanza: kivuli. Mtu akitazama picha akahisi kuna kitu hakijakaa sawa na asijue ni nini, mara nyingi ni kivuli. Rangi ya gari inabeba mbingu juu na vumbi chini, na ukivimbisha digadi lazima ule mstari wa mbingu upinde pamoja nalo. Nimewahi kumaliza saa tatu kwenye mng'ao wa mlango mmoja. Hakuna mteja aliyewahi kunishukuru kwa mng'ao. Akiuona tu, ujue nimeharibu.

Sasa, kuna jamaa alinitumia Peugeot 504. Ya baba yake, ambaye alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Rangi ya maziwa, imeegeshwa chini ya mti wa mparachichi huko upande wa Molo, matope mpaka kwenye vishikio vya milango, keria juu ya paa. Picha nzuri sana kwa kazi yangu: mwanga wa asubuhi, pembe ya robo tatu, hakuna mtu aliyesimama mbele. Alitaka ishushwe mpaka chini, madigadi yapanuliwe, keria itoke, bampa zitoke, iwe nyeusi isiyong'aa. Akaandika: "Nataka mzee akiiona huko aliko ajue haijalala."

Nilifanya hiyo kazi kwa siku mbili, na nitasema bila aibu kwamba ni kati ya picha bora nilizowahi kutoa. Umbo la 504 linakusaidia. Lilitoka kwa Pininfarina wa Italia, gari likazinduliwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata likapewa tuzo ya gari bora la mwaka Ulaya. Zile taa za mbele zimekatwa kama macho ya mtu anayekutazama kwa pembeni. Buti inateremka halafu inavunjika ghafla, kama sentensi ambayo mwandishi alibadilisha nia katikati. Ukiishusha, hayo yote yanazidi kuonekana. Nilimtumia saa nane usiku. Alijibu hapo hapo, emoji tupu, kama kumi na tano.

Miezi mitano baadaye nikapigiwa simu na namba nisiyoijua.

"Wewe ndiye yule kijana wa picha?"

"Ndio, mama."

"Hii gari ulikuwa umeiona?"

"Niliona picha yake, mama."

"Picha." Akanyamaza kidogo. "Basi kuja uione."

Sikwenda. Alinitumia picha, tena kwa simu ya jirani. Madigadi yote manne yalikuwa yamekatwa kwa grainda. Kumbe fundi alipofungua ya nyuma alikuta kutu imekula mpaka ndani, kwa hivyo ikabidi akate zaidi ya alichopanga, na alipokata zaidi bei ikapanda, na bei ilipopanda pesa ya kijana ikaisha. Springi za mbele zilikuwa zimetolewa. Gari lilirudishwa nyumbani juu ya lori na kuwekwa pale pale chini ya mparachichi, limefunikwa turubai, na upepo wa huko haujui turubai ni nini.

Nikijitetea mbele ya marafiki, huanza hivi: mimi nilitoa picha tu. Sikushika grainda. Gari ni lake, limeandikwa jina lake kwenye logbook, na mtu mzima akiamua kukata mali yake, aliyemwonyesha picha anaingilia wapi? Mchora ramani ya nyumba hashtakiwi kwa sababu mwenye kiwanja aliishiwa na saruji.

Huo utetezi ungenitosha kama singekuwa na mwaka mmoja na nusu wa uhandisi wa mitambo kichwani. Niliacha chuo kwa sababu ya karo, hadithi ambayo kila mtu anaijua na sitairudia hapa. Lakini nilikaa kiasi cha kutosha kujua kwamba digadi la nyuma la gari kama hili halijaning'inizwa tu kama pazia. Nyuma yake kuna bati la ndani, na yale mabati mawili yamechomelewa pamoja na kusaidia kubeba bodi. Tairi likipanda linahitaji nafasi ya kupanda. Likikata kona linahitaji nafasi ya kugeuka. Kwenye picha yangu tairi halikuwa na mahali pa kwenda. Nililipotezea ndani ya kivuli, na kivuli chenyewe nilikitengeneza vizuri mno. Mchora ramani wa nyumba anaweka nguzo. Mimi niliondoa nguzo nikapaka giza mahali zilipokuwa.

Kwa hivyo nilijua, na nikanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu hakuuliza, na kwa sababu ukianza kumwambia mteja mambo ya bati la ndani anatafuta mwingine ambaye hajasoma hata huo mwaka mmoja na nusu.

Japani kuna mtu anaitwa Akira Nakai, mwenye RWB, ambaye husafiri nchi kwa nchi akikata madigadi ya Porsche 911 kwa mikono yake na kupachika mapana mahali pake. Wapenzi wa Porsche za asili humwona kama mchinjaji. Nimetazama video zake nyingi kuliko ninavyopaswa kukiri, na siku hizi naangalia kitu kimoja: anasimama pale. Msumeno ukiingia kwenye bati, yeye yuko, mwenye gari yuko, cheche zinawarukia wote wawili. Akikosea, ataonekana akikosea. Mimi nilikuwa kwangu Kayole nikila chapati wakati 504 inakatwa, na sikujua hata kama ni siku hiyo.

Lakini pia sitaki kuigeuza hii iwe kesi rahisi ya vijana kuharibu vitu vya wazee. Kwanza, Nairobi haijawahi kuheshimu umbo la kiwanda. Matatu nyingi kubwa unazopanda zilianza maisha zikiwa chesi ya lori la Isuzu, bodi ikajengewa hapa hapa na watu wetu, na nganya ikitoka gereji na michoro yake na taa zake hakuna anayelia kwamba lori limekosewa heshima. Tunasimama kando ya barabara tunapiga picha. Wapo wanaoenda Concours pale Ngong Racecourse kutazama magari yaliyotunzwa yakipewa alama kwa usafi na hali yake, na nawaheshimu, hata mimi nimeenda. Lakini ukisema hilo ndilo pendo pekee la gari, umewatoa nje karibu mafundi wote ninaowajua.

Pili, baba mwenyewe. Nilipokuwa nikiisafisha ile picha ya kwanza, niliikuza mpaka nikaona kila kitu, kwa sababu ndiyo kazi. Keria ilikuwa ya kuchomelewa kienyeji. Taa moja ya nyuma haikuwa ya 504 kabisa. Nyuma gari lilikuwa limeinuka kuliko mbele, dalili kwamba lilikuwa limeongezewa springi. Mzee alikuwa akibeba viazi. Kijana aliniambia baadaye, kwa hasira: "Baba aliikata viti vya nyuma ndiyo magunia yaingie. Hakuna mtu alimpigia simu." Na kwa hilo sina jibu.

Watu wakifika hapa huleta ile meli ya Theseus ya Plutarch, au jembe la babu lililobadilishwa mpini mara tatu na bamba mara mbili, wauliza kama bado ni lile lile. Naona ni fumbo la watu wasio na gari. Yule mama hakuuliza kama bado ni 504 ile ile. Alijua ni ile ile, na hapo ndipo uchungu wake ulipokuwa. Alichouliza, nilipompigia tena, ni hiki: "Sasa nani alisema ilikuwa mbaya?"

Hilo swali limenikalia. Kwa sababu hakuna aliyesema. Kijana alilipenda lile gari. Alilelewa ndani yake, akitapika kwenye kona za Mau Summit huku mama akishika mfuko wa plastiki. Lakini nilipomtumia picha yangu, aliweka hiyo kwenye simu mahali pa ile ya zamani, na kila alipotoka nje asubuhi akakuta chini ya mti kitu kirefu, cheupe, chenye matope, ambacho hakijafika. Alikiri mwenyewe: "Baada ya hiyo picha nilikuwa naona aibu kuiendesha." Mzee alipokata viti, alikuwa akitazama gari na magunia. Mwanawe alipokata madigadi alikuwa akitazama simu. Grainda ilikuja baadaye sana. Gari la kwanza lilikuwa limeshapotea saa nane ya usiku ule, wakati emoji zikiingia, na aliyelipoteza ni mimi.

Kuna kitu kingine kidogo kinachoniuma, labda kwa sababu ni cha kitaalamu. 504 ilipendwa huku kwetu kwa sababu ilisimama juu na springi zake zilikuwa na subira. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975, na ndugu yake ya milango miwili ikashinda tena 1978, katika barabara ambazo siku hizi watu wanazihurumia. Wafaransa waliacha kuunda saluni yake mwaka 1983, lakini Kenya na Nigeria ziliendelea kuiunganisha kwa miaka mingi baada ya hapo, na watu wa mashambani wakaendelea kuipakia mpaka mlango wa nyuma ufungwe kwa kamba. Nilipoishusha sentimita kumi na mbili kwa kipanya, sikuibadilisha sura. Nilitoa sababu ya kuwepo kwake. Na ikapendeza, hilo ndilo la kuudhi. Nikiitazama sasa hivi bado inapendeza.

Na sheria ya hapa kwa kawaida haikuruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hivyo Peugeot hizi hazirudi. Zilizobaki ndizo zilizobaki. Kwenye laptopu yangu ninabonyeza vitufe viwili na bati linarudi. Hiyo tabia ya mkono imeniharibu kuliko nilivyofikiri. Juzi nilimwaga chai kwenye shuka na kidole kikasogea chenyewe.

Yule mama alikuwa na ombi. Kijana alikuwa amefuta picha ya zamani kwenye simu, na yeye hakuwa na nyingine ambayo gari linaonekana lote bila watu wa mazishi. Je, mimi nilikuwa nayo? Nilikuwa nayo. Huwa sifuti, picha ya kwanza inabaki tabaka la chini kabisa, nimeizima tu isionekane. Nikafungua faili, nikazima madigadi, nikazima rangi nyeusi, nikazima kile kivuli nilichojivunia, moja baada ya nyingine. Chini kabisa kulikuwa na matope, keria, na kuku mmoja karibu na tairi la nyuma ambaye nilikuwa nimemsahau. Nilimfuta dakika ya kwanza ya kazi.

Nilichapisha kwa 300 pale mtaani, saizi ya A3, nikaituma kwa matatu ya Molo. Mama akanipigia kusema imefika na kwamba kuku ni wa jirani.

Tangu hapo nikitoa picha naambatanisha ya pili, bila malipo. Ni gari lile lile kabla sijaligusa, na mistari myekundu mahali ambapo bati litakatwa, na bati la ndani nimelionyesha pia. Nimepoteza wateja wawili. Kijana wa 504 hajanizungumzia tena, ingawa anatazama status zangu zote. Wiki iliyopita kuna mtu wa Thika alinitumia Datsun 1200 ya marehemu shangazi yake, safi, rangi ya chungwa, haijawahi kuguswa. Nikamtumia zote mbili. Alilipa haraka. Halafu akaandika: "Ya kwanza ni moto sana kaka. Hiyo yenye mistari sijaelewa, unaweza kuitoa?"

Sijamjibu. Ana haraka, fundi ameshapatikana, na kodi ya nyumba ni tarehe tano.