Vumbi la Maua na Utenzi wa Mpagazi

Usiku wa Idi Pili, miaka kadhaa iliyopita, niliwasomea jamaa zangu utenzi niliotunga juu ya baba yake babu yangu, aliyechukuliwa kuwa mpagazi katika Vita Kuu ya Kwanza asirudi tena. Nyumba ya ukoo, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ilikuwa bado haijauzwa. Tuliketi uani, watoto wamelala juu ya mikeka, na wakubwa wamenyamaza kwa namna ambayo kila mtunzi huitamani. Nilipofika penye beti za Mahiwa, pale marehemu alipoanguka na mzigo wake kichwani huku risasi zikipita, ami yangu mmoja alitokwa na machozi. Shangazi yangu, aliyekuwa amejiegemeza ukutani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Nani kakwambia, baba?"

Sikuwa na jibu, kwani hakuna aliyeniambia. Tunachokijua katika ukoo ni kwamba alikuwa kijana, ana mke na mtoto mmoja wa kiume; wakaja watu wakamchukua; hakuonekana. Hakuna barua wala kaburi. Hata jina la baba yake lina riwaya mbili, na wazee wa kila upande wamezishikilia mpaka wakafa nazo. Yote mengineyo, Mahiwa na risasi na mzigo kichwani, niliyatoa katika kichwa changu, nikayapa vina.

Swali la shangazi lingenipita, kama yapitavyo maswali mengi ya Idi, lau isingekuwa kazi niliyoipata mwaka uliofuata. Niliombwa kutafsiri kwa Kiswahili taarifa juu ya chavua za kale, yaani lile vumbi la maua, na namna wataalamu wanavyoitumia kujua binadamu wa mwanzo waliishi katika nchi ya namna gani. Mimi si mwanasayansi. Shule niliiacha mapema, na nilichonacho nimekiokota vitabuni. Niliifanya kazi ile polepole, nikimsumbua kila ajuaye jina la mti. Naandika hapa kwa sababu katika vumbi lile nililikuta swali la shangazi yangu, limewekwa vizuri kuliko nilivyoweza kuliweka mwenyewe.

Chembe ya chavua ni ndogo mno. Ukigawanya milimita moja mafungu 1,000, chembe nyingi huchukua mafungu 10 hadi 100 tu. Kilichomo ndani yake huoza upesi, lakini ganda lake la nje ni katika vitu vigumu kuliko vyote ambavyo uhai umewahi kuvitengeneza. Likifukiwa katika tope la ziwa au la kinamasi, mahali pasipofika hewa, huweza kudumu mamilioni ya miaka. Mtaalamu hulichukua udongo ule, akauosha kwa tindikali kali iyeyushayo hata mchanga, na ganda la chavua likabaki. Kisha hukaa mbele ya hadubini akahesabu chembe moja moja, mia kwa mamia, kwa sababu kila jamii ya mimea ina umbo lake: nyingine ina miiba, nyingine vitundu vitatu, nyingine mifuko miwili ya hewa kama mabawa. Hesabu hiyo ndiyo humwambia kama palikuwa na msitu au mbuga, mvua au ukame. Tope la mikoko la Unguja Ukuu na la ghuba ya Makoba limesomwa hivyo hivyo, na mwaka 2013 yalichapishwa maelezo ya namna mikoko ya huko ilivyosogea mbele na kurudi nyuma kwa kufuata bahari katika maelfu ya miaka.

Taarifa yangu ilihusu Bonde la Olduvai. Jina lenyewe lastahili kusimamiwa kidogo. Wamasai hupaita Oldupai, kwa jina la mkonge pori uotao pale. Mgeni wa Kijerumani alilisikia vibaya mwanzoni mwa karne iliyopita, na kosa lake likaingia vitabuni. Hapo, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliliona fuvu ambalo mumewe, Louis, alilipa jina la Zinjanthropus, mtu wa Zinj. Zinj ni jina la kale la pwani yetu hii, na wengi hulihusisha na jina la Zanzibar. Basi kiumbe wa bara, aliyekufa yapata miaka milioni 1.8 iliyopita, akaitwa kwa jina la watu wa pwani. Fuvu lake lilirejeshwa Tanzania mwaka 1965 na kuwekwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, katika mtaa ulioitwa kwa jina la Shaaban Robert. Kutoka Kariakoo ni mwendo wa miguu, ukiliweza jua.

Aliyeisoma chavua ya Olduvai ni Mfaransa, Raymonde Bonnefille, pamoja na wenziwe, na matokeo yao yalitoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Haikuwa kazi nyepesi. Udongo wa kule ni mkavu na una magadi, nao huila chavua. Sampuli nyingi hazina kitu. Na katika zile zenye kitu, mtaalamu hawezi kuamini kila anachokiona, wala kutoamini asichokiona. Ukweli huu ndio ulioniweka macho usiku mwingi.

Ipo mimea ichavushwayo na upepo, na ipo ichavushwayo na nyuki, ndege au popo. Inayotegemea upepo hutoa chavua kwa mamilioni, kwa kuwa karibu yote itapotea njiani. Nyasi ni za kundi hilo, kwa hiyo nyasi hujaza kila sampuli, nazo zote hufanana hadubini hata ni shida kuzitenganisha. Mti mkubwa kama mbuyu, unaotegemea popo, hutoa chavua kidogo nzito, ikaishia papo hapo chini ya shina. Unaweza kuwa na mabuyu kuzunguka ziwa lote, na tope la ziwa lisiyajue. Kinyume chake, mitarakwa na mipodo iliyoota juu ya milima ya Ngorongoro ilipeperushiwa Olduvai chavua yake, ikatua mahali ambapo mti wenyewe haukuota kamwe. Basi yumo shahidi anayesema mengi ilhali hakuwapo, na yupo aliyekuwapo ambaye hana sauti.

Hapo nilikumbuka mitaa ya kwetu. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam, Septemba 1916, waliyafanya majengo ya soko yaliyojengwa na Wajerumani kuwa kambi ya kikosi cha wachukuzi, Carrier Corps kwa lugha yao, na ndimi za wenyeji zikalisaga jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi nako wana Kariokor yao. Mtaa wa Narung'ombe na Mtaa wa Mahiwa ni majina ya mapigano ya Julai na Oktoba 1917 huko kusini, na leo wanaopita pale na vifurushi vya vitenge na masanduku ya simu hawana habari. Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927 katikati ya mji, imenyoosha bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa katika maandishi ya chini, lakini umbo lililosimama ni la askari. Mapigano yalikuwa na upepo wake: ripoti, ramani, makamanda walioandika kumbukumbu zao wakiwa wazee. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na kilichobaki cha wao mjini ni jina la kigeni lililotamkwa vibaya.

Nami mtunzi nilipotaka kumpa babu mahali pa kufia, nilifanya nini? Nilichukua chembe iliyokuwa nyingi zaidi. Nilichukua Mahiwa kwa sababu Mahiwa imeandikwa.

Mwenzangu mmoja, mshairi tunayeheshimiana, nilimweleza haya akanicheka. Alisema utenzi si ushahidi wa mahakamani. Tangu zamani watunzi wa tenzi wamewatia maneno vinywani watu wasiowaona, na wasikilizaji wamelia wakijua fika kwamba hakuna aliyekuwapo. Alisema pia, na hili ndilo lililonichoma, kwamba aliyepotea bila alama hupotea mara ya pili ikiwa hata kitukuu chake ataogopa kumsimulia.

Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipuuza. Lakini naona inachanganya mambo mawili. Mtunzi amtiaye shujaa wa kale maneno kinywani hamnyang'anyi kitu. Habari za shujaa huyo zimejaa na kumwagika. Mpagazi wangu alikuwa na kifo kimoja tu, chake, nisichokijua. Nikimwekea kifo kingine mahali pake, kizuri, chenye vina, basi kile chake hakina pa kurudi tena. Watoto waliokuwa wamelala mikekani watakua wakisema babu yetu alifia Mahiwa. Nitakuwa nimefanya alichofanya mtu apeperushaye chavua ya leo juu ya udongo wa kale, kisha akasahau kuwa ni yeye.

Bonnefille na wenzake walinifundisha kwamba kimya si kitu kimoja. Kipo kimya cha mti ambao, lau ungekuwapo, lazima ungesikika. Nyasi zikikosekana katika sampuli iliyohifadhika vizuri, hapo una haki ya kusema hapakuwa na mbuga. Na kipo kimya cha mti ambao usingesikika kwa vyovyote. Juu ya huu huna haki ya kusema haukuwapo. Wala huna haki ya kuupanda mahali upendapo. Una haki ya kutafuta shahidi mwingine.

Na mara moja moja shahidi hujitokeza. Mwaka 1982 walitangaza kwamba katika tabaka za kale za Olduvai waliikuta chavua ya Ximenia, mmea ambao watu wa pwani huuita mtundakula au mpingi. Mtundakula hauna wingi wa nyasi, na matunda yake huliwa. Katika bahari ya chembe za nyasi, jina la tunda! Nilipolifikia neno hilo katika tafsiri niliinuka mezani nikatembea. Baadaye wengine walitafuta vijiwe vidogo ambavyo mimea huvitengeneza ndani ya majani yake, na ambavyo haviendi mbali na mahali mmea ulipofia. Vijiwe hivyo vilionyesha mimea ya jamii ya mitende karibu na chemchemi za Olduvai, miti ambayo chavua haikuwa imeieleza ipasavyo.

Hata Zinj mwenyewe alihitaji shahidi wa pili. Kwa kuwa magego yake ni makubwa ajabu, aliitwa Mvunja Kokwa, na jina likaenea kote. Kisha kemia ya meno ya viumbe wa aina yake, iliyochapishwa mwaka 2008 na 2011, ikaonyesha kwamba chakula chao kingi kilikuwa cha jamii ya nyasi na ndago. Kwa miaka hamsini tulimwona na kokwa mkononi kwa sababu taya lake lilitushangaza.

Basi nami nikaenda kutafuta vijiwe vyangu. Sikumpata babu, wala sikutarajia. Lakini nilisoma nilichoweza kukisoma juu ya wapagazi, na jambo moja hurudiwa na wote walioandika kwa uangalifu: waliouawa na risasi walikuwa wachache kuliko waliouawa na maradhi. Malaria iliwaua, na kuhara damu, na mapafu. Walipewa unga wa mahindi, mara nyingi hawana muda wala kuni za kuupika ukaiva, na matumbo yao yakaharibika. Walikufa kando ya njia, katika mahema ya wagonjwa, mvuani. Kwa hiyo lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba baba yake babu yangu alikufa kwa tumbo, mahali pasipokuwa na jina la kupewa mtaa.

Nilimweleza ami yule aliyelia. Alinitazama kwa muda mrefu, akasema kuwa nikisoma hayo mbele ya watoto nitautia ukoo aibu. Nilimjibu kuwa aibu ni ya waliompa unga mbichi. Alisema, "Hilo wewe unalijua. Watoto watasikia kuhara tu." Sijui kama amekosea. Utenzi wetu una msamiati mpana wa kufa vitani, wa damu na vumbi na farasi. Wa kufa hivi nilikuwa na maneno mawili au matatu, na yote ya kuchekesha. Miezi imepita nikitafuta beti zitakazobeba ugonjwa ule bila kuupamba na bila kumvua nguo marehemu. Nimepata nne. Zinasema "huenda", na neno hilo ni gumu kulitia katika mizani nane bila kuonekana kama kigugumizi.

Shangazi ni mzee sasa, anaishi Mbagala kwa mwanawe, macho hayamsaidii. Nilimsomea zile nne. Akauliza kama unga ule ulikuwa wa dona au wa sembe. Nikamwambia sijui. Akasema, "Haya," akanitaka nisome tena.

Utenzi umekwenda kwa mpiga chapa mwezi uliopita. Beti za Mahiwa nimeziondoa, zote saba, na mahali pake, kabla ya zile nne, nimeacha nafasi tupu ya ukubwa uleule. Mpiga chapa amekwisha kunipigia simu mara mbili kuuliza kama ukurasa huo una kosa.