AJALI HAINA KINGA: NENO LISEMWALO PASIPO MAHALI PAKE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewatiishia wanadamu vipando vya nchi kavu na vya majini. Na rehema na amani zimshukie Bwana Mtume Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Katika bonde la Kilombero, kila mtu auawapo na gari njiani, neno la kwanza litokalo vinywani mwa watu ni hili: "Ajali haina kinga." Hulisema dereva, hulisema tajiri wa gari, hata wafiwa wenyewe hulisema kwa kutaka kujipoza roho. Neno hilo kwa mfiwa ni subira, na subira ina thawabu. Lakini kwa yule aliyeendesha kwa pupa hata akaua, si subira. Ni pazia la kufunikia dhambi. Yafaa watu waijue tofauti ya mambo hayo mawili.

Wazee wa Ifakara wazikumbuka zama za pantoni, ambapo kila lori liendalo Mahenge lilikuwa halina budi kusimama ukingoni mwa mto na kungoja zamu yake. Mwaka 2018 likafunguliwa daraja la Mto Kilombero, lenye urefu wa mita 384. Na njia ya kutoka Kidatu hata Ifakara, yapata kilomita 67, iliyokuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika, nayo imetiwa lami. Hizo ni neema, na kila neema ina shukrani yake na hesabu yake. Zamani mto na matope vilimlazimisha dereva kwenda taratibu. Leo juu ya lami hapana kimlazimishacho, ila sheria na dini yake.

Na katika njia hiyo moja hupita malori ya miwa yaendayo viwandani Kidatu, na malori ya mpunga, na ya mbao. Hupita pia matrekta yavutayo matela, na mengine hayana hata taa nyuma. Kando yao, Mang'ula, Kiberege na Ifakara yenyewe, hupita mtu na baiskeli yake, na mwanamke mwenye mzigo wa kuni kichwani, na mtoto aendaye chuoni na juzuu yake mkononi. Mwenye nguvu na mnyonge wameshirikishwa njia moja, na kila mmoja ana haki juu ya mwenziwe.

Ama kusema kwamba kila jambo ni kadari, hilo ni kweli, na kuliamini ni nguzo katika nguzo za imani. Lakini kadari haimwondolei mtu wajibu wake. Yule aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali, aliamriwa amfunge kisha atawakali. Na Sayyidna Umar, alipopata habari za tauni katika nchi ya Sham, alirudi na watu wake. Na alipoulizwa kama aikimbia kadari, jawabu lake lilikuwa kwamba aikimbia kadari ya Mungu na kuiendea kadari ya Mungu. Basi dereva afungaye breki mbovu kabla ya safari yumo katika kadari, na asiyefunga yumo katika kadari. Lakini wa kwanza ametii, na wa pili ameasi.

Mfano wa jambo hili uko karibu, katika mkoa huu huu. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu mjini Morogoro, lilipinduka lori la mafuta ya petroli. Watu wakakusanyika kuyateka yale mafuta yaliyomwagika. Moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Mwenyezi Mungu awarehemu. Hapana ajuaye dhiki iliyokuwa nyumbani mwao. Lakini na izingatiwe: kupinduka kwa lori kulikuwa ajali moja, na kuangamia kwa watu hao kulikuwa jambo jingine. Kukaa mbali na petroli kulikuwa kinga, na sheria ya dini ilikuwa kinga pia. Kwani mali iliyoanguka katika gari haikutoka katika milki ya mwenyewe, wala si ngawira ya mpita njia, iwe petroli, au sukari, au mchele.

Sasa na itazamwe hukumu katika madhehebu ya Imam Shafi. Imam Nawawi amebainisha katika Minhaj kwamba mwenye kuwa na mnyama hudhamini anachokiharibu mnyama huyo, roho au mali, usiku na mchana. Na mwenye kumkimbiza mno mnyama wake katika matope, kinyume cha ada ya watu, hudhamini yatokanayo na mbio hizo. Na mwenye kuingia sokoni na mzigo wa kuni penye msongamano, hudhamini madhara yake. Hata pasipo msongamano, yampasa kumwonya kipofu, na yule aliyempa mnyama mgongo, asipomwonya, hudhamini. Hukumu hizi zalingana mno na mwendo wa malori. Mwenye baiskeli aendaye mbele ya lori ndiye aliyepa mgongo. Hakuliona. Ni juu ya mwenye mzigo kumwonya kwa honi kutoka mbali, na kupunguza mwendo, na kungoja hata apate nafasi ya kumpita pasipo kumsukuma mtaroni. Honi ipigwayo sikioni mwa mtu ghafula si onyo. Ni dhara jingine.

Na mwenye kumwua Muislamu kwa kukosea, hata kama hakukusudia kabisa, Sura ya Nisaa imemwajibisha mambo mawili. La kwanza ni diya kwa warithi wa maiti, isipokuwa wakisamehe. Na asili yake ni ngamia 100, hulipwa na jamaa za muuaji wa upande wa baba kwa muda wa miaka mitatu. La pili ni kafara: kuacha huru mtumwa, na asiyepata, kama ilivyo leo, hufunga miezi miwili mfululizo. Kafara hiyo ni ya kila roho moja iliyotoka, wala haiondoki kwa msamaha wa warithi, wala kwa faini ya mahakama, wala kwa bima ya gari. Wangapi waliotoka mahakamani wakidhani wamemaliza, na saumu ya miezi miwili ingali shingoni mwao?

Tajiri wa gari naye asidhani kwamba yu salama. Amlazimishaye dereva kufanya safari usiku na mchana pasipo usingizi, au ampaye gari lenye magurudumu yaliyokwisha, amesaidia uovu, na kusaidiana katika uovu kumekatazwa katika Sura ya Maida. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka mpaka wa kilomita 50 kwa saa mijini, na 80 kwa magari makubwa nje ya miji. Lori liendalo mwendo wa 80 hukata zaidi ya mita 22 kwa sekunde moja. Na mwendo ukiongezwa maradufu, masafa ya kusimama baada ya kufunga breki huwa mara nne. Kuitii sheria kama hiyo, yenye kuhifadhi roho za watu, ni wajibu wa Muislamu.

Mnyonge naye ana wajibu wake, kwa kuwa Mwenyezi Mungu amekataza katika Sura ya Bakara mtu kujitia maangamizoni kwa mkono wake mwenyewe. Dereva wa lori hamwoni aliye nyuma kabisa ya tela, wala aliye ubavuni karibu na gurudumu. Na lori likatapo kona, tela hupita ndani zaidi kuliko kichwa chake. Basi haifai kijana kudandia tela, wala mwenye pikipiki kupakia abiria mishikaki na kujipenyeza ubavuni mwa lori, wala mwenye baiskeli kwenda usiku pasipo taa.

Na jambo la mwisho ni dogo machoni mwa watu. Lori liharibikapo, utingo huweka mawe na matawi njiani. Likipona, huondoka na kuyaacha pale pale. Usiku baiskeli hujikwaa, mtu akaanguka chini ya gari lijalo nyuma. Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Basi yule aliyeuweka mwenyewe na kuuacha, imani yake imepungukiwa na tawi gani?

Ajali isiyo na kinga ni ile iliyomfikia mtu naye amekwisha kutimiza wajibu wake wote. Hiyo ndiyo yenye kusemewa neno hilo. Nyingine zote zina kinga, na kinga yake ni takwa na subira.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa njiani, awape subira wafiwa, na awaongoze wenye vyombo na waendao kwa miguu wafike majumbani mwao kwa salama. Amin. Wallahu aalam.