Jiko la Wazi, Wazi kwa Nani?

Siku hizi ukimwita fundi kuongeza nyumba hapa Chang'ombe, Dodoma, kabla hajatoa futi mfukoni atakuuliza kama unataka jiko la wazi. Maana yake ni kuvunja ukuta wa nyuma, kusogeza nyumba hadi uani, halafu sebule, meza ya chakula na jiko vikae pamoja, katikati kaunta tu. Picha zake kwenye simu zinapendeza. Na neno lenyewe, "wazi", linasikika kama wema. Nani anataka kuitwa mtu wa kufunga?

Mimi nina swali moja ambalo mafundi hawaulizi: jiko hilo liko wazi kwa nani?

Nyumba yetu ni ya zamani: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Vinne tunatumia sisi, viwili wanakaa wapangaji. Jiko ni kibanda cha bati uani, na mama amepikia humo kwa kuni na mkaa mpaka kifua kimechoka. Usiku anakohoa. Kwa hiyo hapa hatuzungumzii urembo. Dada yangu anasema, "Mama apate gesi, apikie ndani kama wenzake." Yuko sahihi. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Moshi si mila ya kulindwa.

Dada ana hoja nyingine, nzito zaidi. Anasema ukuta wa jikoni unawasaidia wanaokula wasimwone anayepika. Wanaume wako sebuleni na taarifa ya habari, chakula kinatokea tu, kama mvua. Ukivunja ukuta, jasho linaonekana. Historia inampa nguvu. Mwaka 1926 huko Frankfurt, Ujerumani, msanifu Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko dogo, kama mita 1.9 kwa 3.4, kila kitu karibu na mkono, ili mwanamke apunguze hatua na uchovu. Yakajengwa maelfu. Baadaye jiko lile likalaumiwa: kazi imerahisishwa, sawa, lakini mpishi amefungiwa peke yake kwenye kichumba. Kuvunja ukuta kukaonekana ni kumtoa kifungoni.

Hapo ndipo ninaposita. Kwanza, kuonekana si kusaidiwa. Mama ntilie anapika mbele ya wateja kila siku, na sijaona mteja akiinuka kuosha sahani. Mtu anaweza kuegemea kaunta, akasifia harufu ya mboga, kisha akarudi zake kwenye kochi.

Pili, mama hakufungiwa kama yule wa Frankfurt. Uani kuna watu. Mpangaji anasonga ugali hatua mbili kutoka kwake, anayeishiwa chumvi anachota kwa mwenzake, na mtoto wa chumba cha mwisho anakula mlenda popote ulipoiva kwanza. Hapo ndipo mama anajua nani ana homa na nani hajalipwa mshahara. Jiko la wazi tunalo siku zote, basi tu halina kaunta.

Sasa ramani ya fundi inakula karibu uani wote. Nikamuuliza, wapangaji watapikia wapi? "Koridoni," akajibu, "au watafute kwingine." Mkaa koridoni! Moshi tunaoutoa kifuani mwa mama tuuhamishie kwa watoto wa wenzetu, na hewa ya mkaa kwenye nyumba iliyofungwa huua kimyakimya.

Utaniambia nyumba ni yetu. Kweli. Na tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma moja kwa moja, vyumba vinatafutwa. Akiondoka huyu anakuja mwingine. Lakini umiliki unakuambia unachoweza kufanya, haukuambii unawafanyia nini watu. Miaka tisa ya kuchotana chumvi imezaa deni ambalo halimo kwenye mkataba wa pango.

Nimemwambia dada msimamo wangu: tujenge, ila tusiumeze uani. Chumba cha nyuma kinachopakana na sebule kiunganishwe nayo, na fundi aweke linta ya zege, maana kuta hizi za tofali za udongo ndizo zinazobeba kenchi. Mama apate gesi, dirisha pana, na mlango wa kutokea uani. Kibanda kibaki kwa wapangaji, kitolewe mabati ya upande mmoja ili moshi utoke. Tutapoteza chumba, na sebule itakuwa ndogo kuliko ya kwenye picha. Dada bado hajakubali. Anaona ninawahurumia watu baki kwa gharama ya mama yetu, na neno hilo siwezi kulipuuza, kwa sababu mama naye ana haki ya kupumzika mahali penye nafasi.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Basi wewe unayetaka kuvunja ukuta, kabla hujampa fundi malipo ya kwanza, toka uani jioni moja uhesabu wanaopikia pale. Kisha chukua ile ramani umwonyeshe kila mmoja wao atasimama wapi.