Picha na Mkono Ulioichora

Je, ni haki kuitazama picha kwa jicho jingine kwa sababu tu tumesikia habari za aliyeichora?

Tumchukue Edward Saidi Tingatinga. Wengi wetu tumeiona michoro ya namna yake: ndege, chui na tembo wa rangi kali, ikiuzwa kwa watalii. Macho huipita upesi, yakisema ni mapambo tu. Lakini Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akawa mtumishi wa nyumbani Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora kwenye vipande vya ubao kwa rangi ya baiskeli. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa. Ndugu na wanafunzi wake wakaendeleza kazi, na leo jina lake ni jina la aina nzima ya uchoraji.

Ukiyajua hayo, ukasimama tena mbele ya yule ndege, rangi haijaongezeka. Aliyebadilika ni wewe. Sasa unamwona mtu.

Wapo watakaosema kwamba huruma huharibu hukumu. Picha mbaya haiwi nzuri kwa kuwa mchoraji alionewa. Ni kweli. Caravaggio wa Italia alimuua mtu Roma mwaka 1606, na picha alizochora za habari za Yesu zingali makanisani. Dhambi yake haikufuta ustadi wake, wala ustadi haukuifuta damu ile. Basi habari za mchoraji si mizani ya kupimia uzuri. Zinatukumbusha tu kwamba kila kazi ina mwenyewe.

Lakini je, tusubiri kusikia habari ndipo tuheshimu? Jirani zetu wa Kondoa wana michoro ya kale katika miamba, na hakuna ajuaye majina ya walioichora. Hata hivyo walikuwa watu, wenye njaa, furaha na hofu kama sisi. Heshima yao haitegemei sisi kuwajua. Nabii Samweli alipomwona Eliabu alidhani amempata mfalme, kwa kuwa alitazama umbo. Mungu alikuwa akitazama moyo.

Sisi wa Mtinko hatuendi mara kwa mara kwenye maonyesho ya picha. Lakini siku ya mnada tunapita mbele ya vikapu, vyungu na mikeka, tukabishana bei hadi muuzaji ainamishe kichwa. Nyuma ya kikapu kile huenda kuna mjane aliyekesha akisuka, au kijana anayetafuta ada ya shule. Hatutazijua habari zote. Mungu peke yake ndiye azijuaye. Inatosha kujua kwamba zipo, na kupanga bei yetu kama watu wanaojua hilo.