Maji ya Wakfu na Taa ya Dakhalia

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, ndugu zangu, ya kwamba mas-ala tutakayoyatazama katika karatasi hizi ni madogo kwa sura, walakini mzizi wake ni mrefu. Nayo ni haya: mtu atumiapo kitu asichokilipia kwa kipimo, kama maji ya birika ya msikiti au taa ya nyumba ya wanafunzi, je, ana wajibu wa kukichunga? Na mwenziwe akimwona anakipoteza, je, ana haki ya kumwambia?

Sababu ya kuuliza ni kwamba leo watoto wetu wengi wanakwenda kusoma katika vyuo vikuu, vya hapa kwetu na vya ng'ambo, na huko hukaa katika dakhalia, mamia ya vijana chini ya paa moja. Na katika dakhalia hizo wametokea vijana waliojitwika kazi ya kuwazindua wenzao: zima taa utokapo chumbani, funga bomba unapopiga mswaki, usipakue chakula usichokila, usichanganye karatasi na taka za jikoni. Katika vyuo vya Marekani kazi hii ilianza kupangwa kwa utaratibu mwanzoni mwa karne hii, na chuo cha Tufts, katika jimbo la Massachusetts, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kuweka wanafunzi makhsusi wawe wakumbushaji wa wenzao mlemle wanamolala. Wako wanaowacheka vijana hawa. Wasema kuwa hayo ni mambo ya Kizungu yasiyo na asili kwetu, au kuwa ni ubakhili uliovishwa kanzu. Basi na tuyapime maneno yao.

Hujja yao ya kwanza ni hii: "Nimelipa ada ya chumba, na umeme na maji yamo ndani ya ada. Nikitumia sana silipi zaidi, nikitumia kidogo sirejeshewi kitu. Basi taa yangu yakukhusu nini?" Maneno haya yana sura ya haki, na mtu mwepesi huyakubali mara moja. Walakini wanavyuoni wetu waliyajibu zamani, kabla hapajakuwa na taa ya umeme duniani.

Kila aliyekaa darasa ya fiqhi anajua ya kwamba kuzidisha maji katika udhu ni karaha, hata kama mtu yuko kando ya maji mengi yapitayo. Mto haupungui kwa viganja vya mtu mmoja, wala hapana amdaiye bei, na juu ya hayo hakuachiwa afanye atakavyo. Kisha wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii wakaongeza neno la kuangaliwa sana: ikiwa maji hayo ni ya wakfu, yaliyowekwa ili watu wajitoharishie, basi kuzidisha juu ya mara tatu kumetoka katika karaha na kumeingia katika haramu.

Itazameni vyema tofauti hii. Maji yako uliyoyanunua kwa fedha yako, hukumu ya kuyazidisha ni nyepesi. Maji usiyoyalipia hata senti, hukumu ni nzito. Watu wengi hudhani kinyume, kuwa kitu cha bure kina ruhusa pana. Lakini kitu cha bure kina mwenyewe, na mwenyewe ametoa ruhusa kwa kadiri ya haja tu. Aliyewakifu kisima hakuwakifu ili maji yamwagike mchangani. Haja ikisha kutimia, ruhusa nayo imekwisha, na mkono unaoendelea kuteka hapo unateka pasi na idhini.

Hatusemi ya kuwa dakhalia ni wakfu kwa hukumu ya sheria, wala hatumwiti mwenye kuacha taa ikiwaka kuwa ametenda haramu ile ile. Hukumu zina wenyewe wa kuzitoa. Tusemalo ni kwamba maana inafanana. Mwanafunzi alilipa ada apate mwanga wa kusomea, hakulipa apate mwanga wa kuangazia kitanda kitupu. Anachokizidisha hakipotei hesabuni. Chaingia katika hati ya chuo mwisho wa mwezi, na chuo hakina mfuko ushukao mbinguni: fedha hiyo itatafutwa katika ada za watoto watakaokuja mwakani, au katika kitabu ambacho hakitanunuliwa maktabani. Basi yule asemaye "silipi zaidi" amesema kweli nusu, kwani kuna alipaye, naye hakuulizwa.

Na tuchukue mfano ulio wazi. Katika jimbo la Ohio, huko Marekani, kuna chuo kiitwacho Oberlin, kilichoasisiwa mwaka 1833. Mwaka 2005 mwalimu John Petersen na wenziwe waliweka mashindano ya majuma mawili baina ya dakhalia za chuo hicho, ijulikane ni nyumba gani itakayopunguza zaidi umeme na maji. Wakazi walielimishwa, wakatiwa hamu kwa zawadi, kisha wakaonyeshwa hesabu ya matumizi yao. Nyumba nyingi zilipewa khabari ya mita mara moja kwa juma. Nyumba mbili ziliwekewa vyombo vilivyoonyesha matumizi papo hapo yanapotokea, hata mkazi akaweza kuyatazama saa yoyote aitakayo.

Natija, kama ilivyochapishwa mwaka 2007, ni hii: umeme ulipungua kwa 32 katika mia. Uniti 68,300 zilisalimika, na dola 5,107 pamoja nazo, katika muda wa majuma mawili. Zile nyumba zilizoona hesabu yao papo hapo zilipunguza 55 katika mia, na zile zilizongoja khabari ya juma zilipunguza 31. Ama maji, yalipungua kwa 3 tu katika mia.

Katika khabari hii mna mafunzo kwa mwenye kuzingatia. Vijana wale hawakuwa waovu juma lililotangulia, wala hawakugeuka mawalii juma la mashindano. Ni watu wale wale, vyumba vile vile, taa zile zile. Kilichozidi ni kwamba waliona, na kila walioona zaidi walipunguza zaidi. Basi sehemu kubwa ya upotevu ule ilikuwa ni ghafla, na mwenye kughafilika dawa yake ni kuonyeshwa, haitaki bakora. Tena tazameni maji yalivyobaki karibu na pale pale. Na mwenye kufikiri aweza kusema kuwa taa iliyoachwa huonekana hata na apitaye uwanjani, na mwenyewe huona haya. Bali maji huingia tunduni na jicho halina la kuyafuata. Ikiwa ndivyo, basi penye maji ndipo panapotaka mkumbushaji zaidi.

Hapa atasimama muulizaji aseme: "Aliyezima taa ili nyumba yake ishinde ana fadhila gani? Nia yake si zawadi?" Swali hili ni la haki, wala halifai kupitiwa juu juu. Jawabu lake lina pande mbili. Upande wa kwanza, taa iliyozimwa imezimwa, na aliyekuwa adhurike amesalimika, nia ya mzimaji iwe iwayo. Upande wa pili, nia ya mtu hukua. Mtoto wetu hufunga siku yake ya kwanza kwa kuahidiwa kanzu mpya ya Idi, wala hapana baba amwambiaye mwanawe kuwa saumu hiyo si kitu kwa kuwa ameitamani kanzu. Twajua kuwa kanzu itachakaa na saumu itabaki. Khatari ipo kwa yule aliyefika umri wa utu uzima naye bado angoja kanzu.

Na vijana wa Oberlin wenyewe walilitambua jambo hili. Walipoulizwa baada ya mashindano, walisema kuwa mengi waliyoyazoea wataendelea nayo. Lakini mengine waliyoyafanya kwa ajili ya kushinda, kama kuzima taa za ujia usiku na kuzima mashine za kuuzia vinywaji, walikiri kuwa hayadumu nje ya mashindano. Huu ni ukweli wa kusifiwa. Amali nyingi za siku mbili hazifikii amali ndogo idumuyo, na mwenye kuwataka wenzake wapapase gizani ili nyumba isifiwe ametoka katika nasiha na ameingia katika mchezo.

Hujja ya pili ya wachekao ni kwamba taa moja si kitu. Wasema: "Dunia ina taa zisizo idadi, nikizima yangu au nikiiacha, kumezidi nini, kumepungua nini?" Kwa hujja hii wengi hujipumzisha, wakadhani wamepata udhuru. Tuwaulize: siku ya Ijumaa birika ikikauka kabla khatibu hajapanda mimbari, nani aliyeikausha? Ukimshika mmoja mmoja, kila mtu ataapa kuwa alizidisha viganja viwili tu, naye ni msema kweli. Walakini birika ni kavu, na mzee aliyefika mwisho amesimama na kopo tupu.

Umeme wa Ohio katika miaka ile ulitokana zaidi na makaa ya mawe. Zile uniti zilizosalimika katika majuma mawili zilihesabiwa kuwa zimezuia ratili 148,000 za hewa ukaa zisipande angani. Na hewa ukaa haina watani. Haikai juu ya Ohio peke yake. Huenea juu ya dunia yote, na kwayo dunia na bahari huzidi joto. Wenye kupima wamepata ya kuwa kati ya mwaka 1901 na mwaka 2018 uso wa bahari umepanda kwa kiasi cha sentimita 20. Na sisi watu wa pwani hatuna haja ya kusimuliwa bahari. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto la kupita kiasi, matumbawe yakageuka meupe na mengi yakafa, katika mwambao wa Kenya na wa Tanzania pia. Na tumbawe ndilo nyumba ya samaki. Hatusemi kuwa taa ya kijana fulani ndiyo iliyoua tumbawe fulani. Mwaka ule ulikuwa na sababu zake, na msemaji wa haki hazidishi. Twasema kuwa dhara ya namna hii haina mkono mmoja. Hufanywa na mikono mingi, kila mmoja ukisema "mimi si kitu", na humpata mvuvi ambaye hata hiyo dakhalia hajapata kuisikia jina.

Ikisha kuthibiti kuwa kuna wajibu, limebaki swali la pili: mwenzako ana haki ya kukwambia? Twajibu kuwa anayo, kwa sharti ashike adabu zake.

Kwanza, aanze na nafsi yake. Akatazaye wenzake maji naye huoga nusu saa, maneno yake hayavuki mlango.

Pili, aseme kwa upole na kwa faragha. Kumfedhehi mtu mbele ya wenziwe kwa ajili ya taa moja ni kuvunja heshima yake, na heshima ya mtu ni ghali kuliko uniti ya umeme.

Tatu, asipeleleze. Katika mashindano ya Oberlin mita zilihesabu wakaao pamoja, hazikuhesabu mtu mmoja mmoja kitandani kwake. Huo ni mpaka mwema. Mwenye kuchungulia nyufa za milango ili aandike nani ameacha taa amefanya ubaya ulio mkubwa kuliko aliotaka kuuondoa.

Nne, ajue tofauti ya haja na israfu. Taa ya kijana asomaye usiku wa manane si israfu hata kidogo. Ndiyo kazi taa iliyowekewa. Dini haikutoa watu katika israfu ili iwatie katika ubakhili, na njia iliyonyooka ipo baina ya hizo mbili.

Tano, asiwasahau wakubwa. Ni dhulma kumkemea mwanafunzi kwa kopo la maji na huku bomba la ujia lavuja mwezi mzima, limeripotiwa, na hapana aliyekuja na spana. Mwenye madaraka juu ya nyumba ana sehemu kubwa zaidi ya amana, na mkumbushaji wa kweli hubisha mlango wa ofisi kama abishavyo mlango wa chumba. Bali asiyeweza ila kusema na walio dogo kuliko yeye, huyo ajichunguze.

Na sasa neno hili linarejea kwetu sisi baba zao. Mtoto hakuzaliwa dakhalia. Alikwenda huko na mikono aliyofunzwa nyumbani. Ikiwa ameona baba yake akitia udhu kwa kopo moja, na akirudi nyuma kuifunga bilula ya msikiti iliyoachwa na mtu mwingine, basi amekwisha kusoma darasa hii kabla ya kuvuka bahari, wala hatahitaji mita ukutani. Na ikiwa ameona panka za msikiti zikizunguka juu ya mikeka mitupu kutoka alfajiri hata adhuhuri, na wazee wanapita wakisema "ni mali ya wakfu, hailipi mtu", basi ameyasoma hayo pia, na ndiyo atakayokwenda kuyatenda.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mwanao akirudi likizo akakwambia kwa adabu, "Baba, taa ya ukumbini yawaka na hapana mtu," usimcheke wala usimwambie kuwa ameharibiwa na Wazungu. Ondoka ukaizime. Ameleta nyumbani neno lililokuwa letu tangu zamani.

Wallahu aalam, na kwake Mwenyezi Mungu ndiko kwenye taufiki.