Mwamba Ngoma

Asubuhi, mwalimu wetu wa kupiga mbizi kule Nungwi alitufundisha kupumua chini ya maji. Jioni alituuzia vifaa vya kupumulia. Nilinunua bila kuuliza. Mtu aliyenishika mkono nikiwa mita 18 chini ningemtilia shaka vipi?

Baadaye nikajua mambo haya mawili yamelala kitanda kimoja tangu zamani. PADI ilianzishwa Marekani mwaka 1966 na Ralph Erickson, mwalimu wa kuogelea, pamoja na John Cronin, muuzaji wa vifaa vya kampuni ya U.S. Divers. Shirika jingine la mafunzo, SSI, tangu 2014 limo mikononi mwa HEAD, wenye Mares, watengenezaji wa vifaa. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Je, ni kosa? Fundi cherehani hakatazwi kuuza kitambaa. Ila mteja wake ana macho ya kulinganisha. Mwanafunzi wa mbizi macho hayo hupewa na muuzaji mwenyewe. Ndiyo maana anadaiwa sentensi moja kabla ya bei: “Ukinunua hiki, nami napata changu.”

Kifaa changu ni kizima hadi leo. Sentensi ile sikuipata.